Kimera cha Apeduno

Alhamisi asubuhi, saa mbili kasoro, Akwii alifunua kisahani kimoja cha plastiki, akatazama ndani, akakifunika upesi kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akakuta mna mtu. Akageukia dirisha. Akavuta pumzi. Akafunua tena. Madoa ya chachu yalikuwa yaleyale, meupe pe, na yalipaswa kuwa mekundu.

Mtaniuliza, doa la chachu, dogo kuliko punje ya wimbi, linamtoaje jasho mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye ameona mengi? Tulieni. Nitafika. Lakini kwanza mjue Akwii ni nani, maana watu kama yeye hawaandikwi popote, na wakiandikwa ni jina tu mwishoni mwa orodha.

Alizaliwa nje kidogo ya Malaba, upande wa Amagoro, kifungua mimba wa Apeduno. Apeduno ni mpishi wa ajon, ile pombe ya wimbi ya Wateso inayonywewa ikiwa na joto, chungu kimoja katikati, watu wamekizunguka na mirija yao mirefu. Akwii alijua kuotesha wimbi kabla ya kujua kuandika jina lake. Akamaliza kidato cha nne, alama si mbaya, lakini pa kwenda hapakuwepo. Akaingia kituo kimoja cha utafiti kwenye barabara ya kwenda Busia kama mfagiaji. Miaka minne alipiga deki na kuosha vyombo vya kioo, hadi siku moja Daktari Nasambu, mkuu wa maabara, alipomsikia akimwambia mwanafunzi, "Boss, hiyo maji umezidisha, ukutani wameandika nusu." Mwanafunzi akapima upya, na kweli alikuwa amezidisha. Wiki iliyofuata Akwii akavalishwa koti jeupe, akapewa kazi ya kupika chakula cha chachu. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, unaotiwa sahihi kila Desemba.

Daktari Nasambu alimpa sheria moja tu. Kila kinachoingia sufuriani kinaandikwa kitabuni, kwa kalamu ya wino, siku hiyohiyo. "Nitakuvumilia ukichelewa, ukivunja kioo, ukiniunguzia sufuria," alimwambia. "Kitabu usinichezee."

Na chachu yenyewe ilikuwa ya nini? Hapa nivumilieni kidogo. Ndani ya kila seli, ya chachu au yako wewe, kuna nyuzi ndefu zinazoitwa kromosomu, na jeni zimepangwa juu yake moja baada ya nyingine. Seli haitaki jeni zote ziseme kwa pamoja. Baadhi huzinyamazisha: huukunja uzi, huubana, huutia alama, na jeni iliyo humo haisomeki tena. Taabu ni kwamba ukimya huo una miguu. Ukianzia mahali hutambaa, kutoka jeni moja hadi jirani yake, na ukiachiwa utafika kwenye jeni ambayo seli ikiikosa inakufa. Kwa hiyo seli huweka mipaka. Daktari Nasambu, ambaye ni binti wa wakulima wa Matayos, aliwaeleza wafanyakazi hivi: ukitaka kuchoma majani shambani, unalima kwanza ukanda mtupu pembeni ili moto usifike kwa jirani. Lakini moto nao unahitaji upepo wa kuusukuma. Mipaka wengi wameichunguza. Levis alikuwa anatafuta upepo.

Levis ni mwanamume wa Nambale, mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, ana mke na watoto wawili, na mwaka wake wa tatu ulikuwa unayoyoma. Alikuwa amechagua jeni sita alizozishuku. Akatengeneza chachu sita, kila moja imeondolewa jeni moja, halafu akangoja kuona katika ipi ukimya utashindwa kutambaa.

Ili ukimya uonekane kwa macho, walikuwa wamepandikiza jeni moja ya kuashiria mahali ambapo ukimya hupita. Jeni hiyo huisaidia chachu kujitengenezea adenini, kirutubisho ambacho bila hicho haiishi. Jeni ikinyamazishwa, kazi hukatikia njiani, masalio yake mekundu hurundikana, na doa zima la chachu likawa jekundu. Jeni ikisema, doa ni jeupe. Jekundu, ukimya umefika. Jeupe, haukufika. Jambo hilo hata mtoto angelielewa, ila lina sharti: chakula kiwe na adenini kidogo tu. Chachu iliyoshibishwa adenini haijisumbui kuipika nyumbani, kwa hiyo hata jeni ikiwa imezimwa kabisa, doa litatoka jeupe na kukudanganya mchana kweupe. Akwii aliambiwa sharti hilo siku ya kwanza. Akalisahau, jinsi mtu anavyosahau jambo ambalo halijawahi kumletea shida.

Basi Levis alipima chachu tano, zote zikatoka nyekundu. Ikabaki ya sita. Na hapo ndipo unga wa kupikia ulipoisha.

Ule unga huitwa dondoo ya chachu, huja kwa mkebe kutoka kwa mwuzaji Nairobi. Mwuzaji akasema kesho. Keshoye akasema kesho. Sahani zilizokwisha kutiwa chakula cha unga huo zilikuwa nane tu, na Levis alikuwa amekonda kama mtu aliyefiwa. Jumapili Akwii akaenda kumwona mamake, akamkuta ameanika kimera juani juu ya gunia: wimbi lililoloweshwa, likaota, likakaushwa, tayari kusagwa. Akakaa akikitazama. Akakumbuka jambo alilosomewa na Levis mwenyewe, kwamba chachu hii ya maabara haikuzaliwa Ulaya. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita Mjerumani mmoja aliikuta kwenye pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, na hadi leo vitabu vya sayansi vinaiita kwa jina la pombe. Akwii akajiambia, sasa mtoto wa wimbi atakataa wimbi?

Usimcheke. Wewe na mimi tungefikiri hivyohivyo. Alibeba kilo moja, akailoweka, akaichuja kwa kitambaa mara tatu, akapika. Chachu ilikua kwa siku mbili badala ya tatu. Akwii alijisikia mtu. Lakini alipofungua kitabu kuandika, mkono ukasita. Angeandika nini, kimera cha mama? Daktari angepiga kelele kabla ya kuona matokeo. Akaamua atasema baadaye, mambo yakishaiva. Akaandika maneno matatu: dondoo ya chachu. Levis aliyasoma, akadhani amepata masalio ya unga mahali.

Sahani nane za zamani alizitenga kwa chachu ya kulinganisha, ile ambayo haikuondolewa kitu, waliyoizoea kwa jina la Bibi. Aliona anaiheshimu Bibi kwa kumpa chakula alichokizoea. Zile za kimera zikaenda kwa chachu ya sita, Namba Sita. Bibi akatoka mwekundu kama kawaida yake. Namba Sita ikatoka nyeupe. Levis akarudia mara tatu, ikatoka nyeupe mara tatu. Akapiga magoti sakafuni, mtu mzima, akalia. Upepo umepatikana. Daktari Nasambu, ambaye hacheki ovyo, alicheka.

Hilo lilikuwa wiki mbili nyuma. Sasa turudi Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo Akwii aliona sahani moja ya kimera imebaki, akaona haya kuitupa, akapandikiza Bibi humo ili tu asikae na njaa. Na sasa Bibi, ambaye hakuondolewa jeni yoyote, ambaye ukimya wake ulikuwa mzima kabisa, alikuwa mweupe.

Lile sharti alilolisahau likamrudia lote, neno kwa neno. Akaketi juu ya ndoo. Namba Sita haikuwa na ajabu lolote, ilikuwa imeshiba tu adenini ya kimera. Na Ijumaa, saa nne, Profesa Among angevuka kutoka Uganda na mwenzake kuja kuona ugunduzi huo, na wakiridhika, majina ya vituo vyote viwili yangetiwa kwenye makala moja na kutumwa kwa jarida siku hiyohiyo. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, uongo wa sufuria yake utasomwa dunia nzima, na jina la Levis litakuwa juu yake.

Akaenda mlangoni kwa Daktari Nasambu. Daktari alikuwa kwenye simu, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Daktari, kuna jambo."

"Kuna kitu kinaungua?"

"Hapana."

"Kuna mtu ameumia?"

Akwii akafikiria jinsi ya kujibu swali hilo. "Bado," akasema.

"Basi kesho saa tisa, wageni wakienda."

Mlango ukafungwa. Nami nasema kweli, Akwii alifurahi ulipofungwa, na furaha hiyo ilimtia aibu kuliko yote. Alipogeuka akakutana na Levis amebeba shati lililopigwa pasi kwenye hanga, la kesho.

"Sister Akwii," akasema Levis, "nimekuweka ukurasa wa shukrani. Jina lote. Mke wangu ameniambia nikusalimie, anasema wewe ndio ulituokoa ile unga ilipoisha."

"Mwambie asante."

"Uko sawa? Macho yako ni kama hujalala."

"Ni moshi wa kwa mama."

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alipita kwa Apeduno. Wanywaji wanne walikuwa wamekizunguka chungu. Apeduno alinyanyuka akamshika bintiye mkono mbele yao wote, maana alikuwa ameshawahadithia hadi wamechoka kwamba kimera chake kinaliwa maabara na chachu za madaktari. "Yoga, mwanangu," akamsalimu. "Wageni wanakuja kesho, si ndiyo? Kimera wamekipenda?"

"Wamekipenda, mama."

"Mnasikia?" Apeduno akawageukia wanywaji. Mmoja akatoa mrija mdomoni akasema atapeleka mke wake naye aajiriwe. Wakacheka. Akwii akacheka nao. Alitamani mamake angekuwa mtu wa majivuno siku zote, ili ajivune tu na yaishe. Lakini Apeduno hakuwahi kujivunia kitu maisha yake yote ila hiki.

Ijumaa saa nne Profesa Among akaingia, mwanamke mfupi, viatu vya kutembelea, miwani imening'inia kifuani. Mwenzake alikuwa kijana mkimya wa kompyuta. Daktari Nasambu akaonyesha michoro, Levis akaeleza, sauti ikitetemeka kidogo mwanzoni kisha ikakaa sawa. Akwii alisimama karibu na sinki. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na sahani ya Bibi. Hata yeye hakujua kwa nini ameibeba, ama alijua na hakutaka kukiri.

Levis akapanga sahani juu ya meza, za Bibi huku, za Namba Sita kule. Nyekundu, nyeupe. Ulikuwa uzuri wa kupiga picha, na yule kijana akapiga. Profesa Among hakupiga. Alivaa miwani, akachukua sahani moja ya Namba Sita, akaiinua mbele ya mwanga wa dirisha. Kisha akachukua moja ya Bibi, akaiinua vilevile. Akaweka zote mbili chini pole pole.

"Hii chakula," akasema, "mbona moja iko na rangi ya chai?"

Levis akamtazama Daktari. Daktari Nasambu hakubabaika hata kidogo. "Mtambo wetu wa presha ni wa zamani," akasema. "Huunguza chakula kidogo. Tumeulalamikia mwaka mzima." Akageuka. "Si ndiyo, Akwii?"

Hapo sasa. Fikiria wewe ni yeye. Huna haja ya kutunga uongo, umeshatungiwa na mkubwa wako tena kwa nia njema, umewekewa mkononi. Unaombwa neno moja tu, ndiyo, na hata neno si lazima, kutikisa kichwa kungetosha. Watu wanne wanakutazama, na mmoja wao ana watoto wawili na shati lililopigwa pasi. Mtambo kweli ni wa zamani. Kweli huunguza. Akwii alihisi kichwa chake kikianza kuinama chenyewe.

"Hapana, Daktari," akasema.

Levis akageuka kumtazama.

"Hiyo haikuungua. Sikupika na dondoo ya chachu. Dondoo iliisha, nikapika na kimera ya wimbi. Kwa kitabu nikaandika dondoo." Alitoa sahani mfukoni. Akaiweka mezani katikati ya nyekundu na nyeupe. "Huyu ni Bibi, kwa kimera. Angalieni wenyewe."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Levis alivuta kiti akakaa, lakini hakukaa vizuri, akabaki ukingoni ameshika meza. Aliitazama ile sahani, akatazama Namba Sita yake, akarudi tena kwenye sahani. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu. Miezi, nadhani.

Profesa Among ndiye aliyesema kwanza. "Ulikichuja mara ngapi?"

"Mara tatu."

Akaandika kwenye daftari lake. Daktari Nasambu alifunga kompyuta. "Profesa, samahani," akasema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyoogopesha. "Leo hatuna cha kuwaonyesha."

Wageni walipoondoka alimwita Akwii ofisini. Hakumwambia aketi. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, kidole chake kiko juu ya yale maneno matatu.

"Kimera ningekusamehe," akasema. "Tungecheka hata. Ningesema angalau mtu wangu anatumia akili. Hii hapa sisamehi. Sasa kila ukurasa ulioandika tangu uvae hilo koti, lazima niuulize."

"Najua, Daktari."

"Ungesema jana."

"Nilikuja jana."

 Daktari Nasambu alikumbuka mlango alioufunga, ilionekana usoni. Lakini hakuondoa kidole kitabuni. "Acha ufunguo kwa meza," akasema.

Nje, Levis alikuwa amesimama kando ya mapipa ya maji. Akwii alimwendea kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kutokea.

"Ungenyamaza tu," Levis akasema bila kumwangalia, "Desemba ningekuwa nimemaliza."

"Najua."

"Unajua?" Akatikisa kichwa. "Haya. Nenda nyumbani."

Akwii alimwambia mamake amepewa likizo. Ndiyo, alidanganya tena, yeye aliyesimama mbele ya wageni akasema kweli. Msimhukumu haraka. Kumwambia Daktari ni jambo moja. Kumwambia mwanamke ambaye kila asubuhi anaanika kimera huku akiimba, kwamba kimera hichohicho ndicho kilichoharibu, hilo ni jingine. Aliosha vyungu, akapepeta wimbi, akawahudumia wanywaji. Walipomuuliza habari za chachu alisema wanaendelea vizuri. Wiki mbili zikapita hivyo.

Jumamosi ya tatu, saa tano asubuhi, pikipiki ilisimama nje ya ua. Akashuka Levis. Alikuwa amepungua mwili, lakini alimsalimia Apeduno kwa heshima, akakubali kiti.

"Nimerudia Namba Sita," akamwambia Akwii. "Unga ulifika. Ni nyekundu. Zote. Hata doa moja jeupe hakuna."

"Pole, Levis."

"Naanza na jeni zingine. Daktari ameniongezea mwaka." Akatoa mfuko mdogo wa plastiki. "Amenituma. Anataka kimera kidogo, ile ile, apime adenini. Lazima aandikie Profesa ripoti, na aeleze kwa nini alikuachisha."

Alisema hivyo bila ubaya. Hakujua kwamba mama hajaambiwa. Akwii alimtazama mamake.

Apeduno alikuwa tayari amesimama, ameingia stoo, ametoka na gunia na gorogoro, lile kopo la kilo mbili la kupimia, kwa sababu alisikia neno kimera kabla ya mengine. Akapiga goti akaanza kuchota kwa kiganja, akimimina ndani ya gorogoro. Kisha yale mengine yakamfikia, moja moja, naye akaendelea kuchota, ila mkono ukaenda pole.

"Alikuachisha," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hauko likizo."

"Siko likizo."

Apeduno aliangalia kimera mkononi, zile punje zilizoota na kukauka. Alikinusa, kama anavyonusa kila mara kujua kama kimeharibika. "Ni hii?" akauliza. "Ni hii yangu ilikufukuzisha kazi?"

Levis akainamia viatu vyake. Akwii alipiga goti kando ya gunia. Ilikuwa rahisi zaidi mbele ya wageni, Mungu anajua.

"Kimera yako haina makosa, mama. Ilikuwa nzuri, chachu ilishiba. Ni mimi niliandika uongo kwa kitabu. Niliona aibu kuandika jina lake."

 Apeduno akachota tena, akamimina, akachota, akamimina. Gorogoro lilijaa. Akaendelea, kimera kikaanza kumwagika juu ya mapaja yake na chini vumbini.

"Inatosha, mama," Levis akasema kwa upole. "Ni kijiko kimoja tu wanataka."

Apeduno akachota tena, akamimina.